Kigae cha Mlangoni

Ibra, saa sita mchana. Kiyoyozi kinakoroma.
Bi Thuwaiba anataka kauri mpya juu ya sakafu ya zamani.
"Usinivunjie," ananiambia, kwa Kiswahili cha Unguja
ambacho hakijakanyaga Unguja tangu sitini na nne.
"Vumbi halitoki kwenye mapazia, nami nina pumu."

Basi napiga magoti. Fundi huanza kwa kusikiliza.
Natoa sarafu ya baisa hamsini,
nagonga kigae kwa kigae.

Ukumbini ni tarazo, punje nyeusi na nyeupe.
Ukiigonga husema *ti*. Hiyo hubeba.
Nitaikwaruza tu, niondoe nta ya miaka:
gundi haishiki uso unaong'aa,
kama nasaha isivyomshika anayejiona.

Jikoni wamebandika plastiki.
Hiyo hapana. Inabonyea,
na kigae hakijui kubonyea;
kitapasuka kabla ya Ramadhani.

Barazani, vigae vyekundu vya udongo.
Namwaga kikombe cha maji, vinakunywa chote.
Vitanyonya gundi nayo hadi ibaki unga.
Na chumvi imepanda kutoka chini,
nyeupe, kama jasho lililokaukia kofiani.
"Hivi vitang'oka, Bibi."
Ananuna. Anakubali.

Shafiqul anatia alama kwa chaki.
Lugha hatushirikiani, ila ya kugonga tunaijua sote.

Kisha mlangoni, kimoja: *do*.
Ananitazama Shafiqul. Nagonga tena.
*Do*.

"Hicho," anasema Bibi,
"ndicho kilichokuwa kikiniambia Mbaruk amerudi.
Hajavua viatu, birika nishaliteleka."

Nimefunzwa nisilaze kipya juu ya kitupu.
Hata hivyo natafuta maneno: naweza kukizunguka,
kikae chini kidogo, milimita kumi,
nikitilie ukingo wa shaba, kipendeze…

"Ng'oa."
Hapandishi sauti.
"Jua likiipasha nyumba, chenyewe hulia.
Nami huinuka, hufika hadi hapa.
Nimechoka kuitikia hodi ya jua."

Nakitia patasi. Kinatoka kizima,
hakidai hata nyundo.
Chini hapana saruji. Mchanga mkavu, viganja viwili.
Fundi fulani, Alhamisi alasiri pengine,
mchanganyiko ulimwishia kigae cha mwisho;
akafukia, akalaza, akapokea ujira, akaenda zake.
Uvivu wake huo, watu wawili
waliusikiliza miaka arubaini.

Simwambii.
Nazoa mchanga, nashindilia saruji,
naweka pima maji. Povu linatangatanga,
linatulia katikati.

Siku ya nne, magharibi, kauri imeshika.
Shafiqul anapita mlangoni na ndoo mbili zimejaa.
Kimya.
Ndani, Bibi hageuki.
Birika, hata hivyo, limeshachemka.