Kidole Gumba cha Mbeyu

Barua yenu imefika, meneja. Mstari mmoja na muhuri:
Kampuni haiwatambui.
Nimeisoma nikiwa kwenye foleni ya lango,
Shimanzi, saa kumi na mbili na robo asubuhi,
vumbi la chai ya Kericho limeshatukaa kooni
na hatujagusa gunia.

Hamtutambui.
Lakini mashine ya langoni hunijua kwa kidole,
huniita mia moja sitini na tatu, huwaka kijani.
Hujua nikichelewa dakika nne,
na dakika nne hizo mwazikata mwisho wa mwezi.
Askari hunijua: jioni hupapasa fundo la leso,
hugonga soli ya kiatu,
nisije nikatoka na majani ya kikombe kimoja.
Mwajua mgongo wangu hubeba kilo ngapi.
Mwajua hata naenda chooni mara ngapi.
Basi ni kipi changu kilichobaki
msichokitambua?

Nadhani ni ule wingi.
Peke yangu natambulika vizuri sana.
Tukisimama wawili, mwaanza kusahau sura.
Tukifika mia na nane
hamjapata kutuona duniani.

Tuko mia mbili na kumi na nne humu ghalani.
Sheria yataka nusu, na mmoja juu yake.
Fomu zilipita ndani ya hotipoti ya Mghoi,
chini ya viazi karai, zikatoka na madoa ya ukwaju.
Tsuma alisaini juu ya gunia, kalamu ikatoboa.
Wanjala wa foklifti alisaini, akafuta, akasaini tena.
"Nina mtoto kidato cha pili," alisema,
mara zote tatu, sababu ni hiyohiyo.
Wengine walituona tukija wakainama kufunga kamba za viatu.
Siwalaumu. Nami niliinama mwaka mzima.

Wa mia na nane alikuwa Mbeyu.
Miaka ishirini na sita ya magunia, na kalamu hakuizoea.
Akachovya gumba kwenye wino,
akalikandamiza mpaka kucha ikawa nyeupe.
"Haya. Ndimi huyo."

Mahakamani wakili wenu aliiinua karatasi dirishani.
"Mheshimiwa Jaji, hii si alama ya kidole. Hili ni doa.
Halina mstari hata mmoja."

Kweli, halina.
Mistari ya Mbeyu ilikwenda kidogo kidogo,
gunia hili, gunia lile, ikavuka bahari ndani ya makasha;
imo vikombeni mwa watu wasioijua Shimanzi.
Hata mashine yenu yamkataa tangu Februari.
Huwaka nyekundu, huandika: jaribu tena.

Jaji akavua miwani.
"Mashine ikimkataa, huingiaje kazini kila siku?"
Wakili akageukia faili. Akafunua, akafunua.
"Askari humfungulia, Mheshimiwa."
"Kwa nini?"
Feni ilizunguka. Nje mtu alikuwa akiuza maji.
"Kwa sababu... humtambua."

Hatukucheka. Tulikuwa tumeonywa tusicheke.
Mghoi aliuma leso yake.
Jaji aliandika jambo refu, sikuliona,
akasema uamuzi ni tarehe kumi na nne mwezi ujao.
Tukarudi kwa miguu, nauli tulikuwa tumeichangia nakala za fomu.
Njiani Mbeyu alisugua gumba kwa ndimu, kwa mate, kwa ukuta.
Wino haukutoka.

Kwa hiyo sijui, meneja, hiyo tarehe kumi na nne italeta nini.
Najua tu ya asubuhi iliyofuata:
foleni ndefu, magunia yangoja,
Mbeyu akaweka kidole, taa ikawa nyekundu,
mashine ikaandika maneno yake yaleyale mawili
ambayo yeye hawezi kuyasoma.
"Yasemaje leo?" akaniuliza.
Yasema jaribu tena.
Akalipangusa gumba kwenye kanga, akalirudisha palepale,
akaijibu kwa sauti, foleni nzima ikasikia:
"Si ndio najaribu."