Baisa Tano

Huu mwaka wa nane tangu Kuriakosi arudi Kerala,
na programu yake bado ipo chini ya meza yangu.
Kila asubuhi naiwasha, inakohoa,
skrini nyeusi, herufi za kijani,
kisha huniuliza leo tarehe ngapi
kama mgonjwa aliyezinduka.

Si mbaya. Nani kasema mbaya?
Vipuri vya malori, hapa Wadi Kabir,
aina elfu kumi na moja na ushei,
na hata siku moja haijanipotezea nati.
Ila kodi ya ongezeko la thamani ilipoingia
haikuwa na pa kuiweka,
nami naihesabu pembeni kwa kikokotoo,
naiandika kwa kalamu juu ya risiti.
Mkaguzi akaitazama kalamu, akanitazama mimi,
akaomba maji.

Juni iliyopita, joto digrii arobaini na nane,
kiyoyozi kikafa, nayo ikazima.
Saa tatu nzima naipepea kwa kifuniko cha boksi,
mimi, Raya, mtu mzima na shahada yangu,
madereva wamejaa mlangoni.
Hapo nikajua:
anayengoja kifo ndipo ahame
huhama na maiti mikononi.

Kaka yangu Thuweni akaona rahisi:
"Tununue mpya, tuanze Jumapili."
Jumapili! Na hesabu ya mali hatujaifunga,
na Ramadhani hiyo inabisha hodi.

Kijana wa mauzo akaja kutoka Ghala
(mtaa, si ghala letu),
kanzu imepigwa pasi hadi inakata,
akatuonyesha duara za rangi zinazozunguka.
Nikamwambia, hebu niuzie nati moja.
Baisa mia mbili na tano.
Skrini ikaandika sifuri nukta mbili moja.
"Baisa tano hizi za nani?"
Akacheka. "Nani anahesabu baisa tano, dada?"
Thuweni akaacha kutabasamu.
Baba alikuwa akizihesabu.

Basi tukaandika, kabla ya sahihi:
tarakimu tatu baada ya nukta.
Tuhame baada ya Idi, Alhamisi usiku,
na kwa siku sitini zote mbili ziende pamoja,
kila ankara mara mbili, vidole na viume,
mpaka jumla zisalimiane.

Wiki tatu nasafisha majina.
Waliofilisika. Waliorudi kwao. Waliokufa.
Nikafika kwa Shawana bin Mbaruku, lori la maji, Ibra,
deni riali kumi na nne, la mwaka tisini na nane,
na kwenye maelezo, neno la baba
lililopigwa na Kuriakosi asiyejua maana yake:
ASIDAIWE.

Kijana akainama karibu na skrini.
Hii mpya, akasema, ina deni hai
na deni lililofutwa. Basi.
Halijafutwa, nikamwambia. Wala halidaiwi.
Akajikuna chini ya kofia.
"Tuliite nini sasa?"

Liandike hivyo hivyo lilivyo.
Herufi nane.
Litafutie nafasi.