Chupa Ndani ya Ziwa

Nilifunga shingo ya chupa kwa kamba ya kiatu cha Mugisho
nikaizamisha kando ya jiwe, pale Nguba, ziwa linapopinda.
Umeme ulikatika tangu Alhamisi,
friji ya nyumbani imegeuka kabati la vikombe.
Nikasema: Kivu, tafadhali,
nishikie hii kwa saa moja tu.

Likizo yetu ni siku mbili,
mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka mlangoni petu.
Tumevaa kofia za jua. Jirani akauliza, "Munasafiri wapi?"
Mugisho akajibu bila kucheka, "Bukavu."

Chupa ilitoka kwa dada yangu Nsimire, kule Liège,
imeviringishwa ndani ya sweta la mtoto,
na kikaratasi kwa mwandiko wake unaolala upande:
*Divai nyeupe, kavu. Inywewe baridi. Kula vitu vyepesi.*
Kavu!
Kitu cha maji kinakaukaje?

Lakini hilo la "vyepesi" ndilo lililotutia kazini.
Mama mkwe, M'Cirhuza,
aliyekuja bila kualikwa, na mkeka wake kwapani,
alisema chakula chepesi ni cha mgonjwa,
au cha mwenye deni.
"Bugali iko wapi?"
Bugali haiko, mama. Leo tumeiacha ipumzike.
Akalitazama ziwa kama mtu anayetafuta shahidi.

Kulikuwa na sambaza, makopo matatu,
nilizozinunua asubuhi zikingali zinang'aa kama misumari mipya,
nikazipitisha kwenye unga, kisha kwenye mafuta ya moto,
zikajikunja, zikawa na mlio.
Kulikuwa na jibini ya Masisi iliyoshuka na meli ya usiku,
ina harufu ya majani na, kidogo, ya injini.
Parachichi. Chumvi. Ndimu mbili.
Nanasi la Idjwi, ambalo nitalieleza baadaye kwa aibu.

Nilipoivuta kamba, chupa ilikuja na jasho.
Baridi? Tuseme ilikuwa na nia ya baridi.
Funda la kwanza: meno yalisimama wima
kama wanafunzi mwalimu mkuu anapoingia.
Mugisho akafumba jicho moja.
Kisha nikatia sambaza mdomoni, nzima, na kichwa chake,
na funda la pili likaja juu yake,
na ule ukali, uliokuwa unatafuta mtu wa kugombana naye,
ukakutana na mafuta
wakaelewana.
Sijui kusema vizuri zaidi.
Ulimi ulifagiliwa kama ua la nyumba asubuhi ya sherehe,
ukataka kuchafuliwa tena.

Jibini nayo ilikubali, polepole, kama mtu wa milimani.
Parachichi lilinyamaza tu.
Nanasi, jamani:
utamu wake uliifanya divai iwe siki,
tukakunja nyuso wote wawili,
na watoto waliokuwa wakioga wakapata kipande kimoja kimoja.

M'Cirhuza alikuwa amesema hanywi.
"Kasiksi ninaijua. Hii ya kuuma ulimi, hapana."
Akala sambaza kumi na nne, nilihesabu.
Kisha akasogeza kikombe chake cha bati, akitazama upande wa pili wa maji:
"Kidogo. Ya kusukuma miiba."
Akanywa. Akakaa.
"Miiba bado iko."

Nilimwandikia Nsimire: tumefuata karatasi yako,
isipokuwa baridi, na isipokuwa nanasi.
Nikafuta. Nikaandika: kopo la tatu lilikuwa lako,
tumelila pia.
Mtandao ulikataa kulituma hadi usiku.

Jua lilipohamia nyuma ya nyumba za Muhumba
mama mkwe aliisuuza chupa ziwani, mara mbili,
akainusa, akaiviringisha ndani ya mkeka.
"Kioo kizuri. Itaingia mawese."
Tukapanda kilima kurudi kutoka safarini,
yeye mbele na mawese yake ya kesho,
nyuma Mugisho, kiatu kimoja hakina kamba,
kinapiga kofi kila hatua.