Mkono Mmoja wa Rangi

Barabara ya Melton, Leicester. Jumanne, mvua nyembamba.
Ngazi nimeiegemeza kwenye matofali,
kopo la rangi nyeupe linaning'inia kwa kulabu.
Miaka kumi na mmoja iliyopita niliziandika mimi herufi hizi,
nyekundu, na kivuli cha dhahabu,
kila moja kimo cha mtoto wa chekechea:
JIVKOR.
Leo nimeitwa kuzifuta.

Mzee Vrajlal ameishika ngazi chini,
na Kiswahili chake cha Jinja kisichojali ngeli:
"Fundi, barua ilitoka Delhi. Iko na mihuri tatu."

Nimeisoma. Inasema kuna chai.
Na kweli ipo, nani asiyeijua?
Pakiti ya kijani, mwanamke na birika,
kila stesheni ya treni kutoka Amritsar hadi Madurai.
Chai inaitwa Jivkor.
Ndara za Mzee zinaitwa Jivkor.
Zilikaa hapa kimya, hakuna aliyezigusa,
mpaka mpwa wake Ketan alipofungua duka Rajkot
akalitundika jina lilelile mlangoni.

Nilidhani ni kama mipaka ya mashamba:
wewe lima majani, mimi nishone ngozi.
Wakili, Bi Harleen, ofisi yake juu ya duka la miwani,
akanitoa ujinga.
Jina la kawaida hulindwa kwenye bidhaa yake.
Likishavuma,
mtu akilisikia tu ulimi ukaonja tangawizi,
sheria ya India hulivisha koti la pili:
usilibandike kwenye ndara, kwenye sabuni, kwenye misumari,
hata kama hakuna atakayekosea akachemsha kandambili.
Msajili ana orodha ya majina mashuhuri.
Hawaulizi tu uliandikisha lini.
Wanauliza, wangapi wanakujua?

"Na mama yangu," akasema Mzee, "watu ngapi alimjua?"
Hatukujibu. Akahesabu mwenyewe.
Wanawake wa kinu cha pamba. Mkunga.
Askari wa kizuizini, sabini na mbili,
aliyelisoma kwenye pasi na kulitupa chini pamoja na pasi.
Karani wa kambi, Suffolk, aliyeliandika kama jina la mwanamume.
Vidole vikaisha, akarudia kidole cha kwanza.
Hawakufika hamsini.

Kwetu Tanga, mwenye jina lako ni somo wako.
Mnacheka, mnapeana kanga, mnaulizana habari za nyumbani.
Hawa, somo kamletea somo mihuri.
Ila sitaki kumwonea mwenye chai.
Kizuri chajiuza, ndiyo,
na kikijiuza kuna wa kudandia mgongoni.
Mimi mwenyewe niliwahi kuvaa viatu vya jina kubwa
lililozidi herufi moja.
Vilidumu mvua mbili.

"Barua hii inafika Rajkot," Bi Harleen alisema,
"haipandi ngazi ya Leicester. Bango lako liache."
Ketan alikwisha kushusha lake.
Mzee alikunja barua, akaikunja tena,
ikawa ndogo kama tiketi ya basi.
"Huko mimi ni mwizi. Hapa nitakuwa nani?"

Basi nikaanza na J.
Nyeupe ikapita, nyekundu ikabaki chini yake
kama damu chini ya ukucha.
Fundi yeyote anajua:
nyekundu haizimwi kwa mkono mmoja.
Nikashuka kukoroga wa pili.
Mzee akafunika kopo kwa kiganja.

"Mbili hapana. Moja tosha."

Nikarudi nyuma hadi ukingo wa barabara.
Jina lilikuwa limesimama pale, la waridi, limelowa.
Mama mmoja na kigari cha sokoni akapita bila kuinua macho.
Usingeliona
kama hukulijua tangu zamani.

Alinilipa nusu kwa noti, nusu kwa ndara, namba nane.
Nilizigeuza kwenye basi.
Ndani ya soli, pale penye mhuri,
alikuwa amepiga msasa
mpaka ngozi ikawa laini kama shavu.

Nilipitisha kidole gumba mara kadhaa.
Nikapitiliza kituo changu.