Paa la Jirani

Kou Xiong amepanda mlima na vigae vitano kwapani,
anahema kama mtu aliyebeba mlango.
"Bi Aune," anasema, "mke wangu kanituma.
Sisi tutakaa chini yake, hatutaliona.
Wewe ndiwe utakayelitazama. Chagua."

Nimeishi Duluth miaka themanini na mmoja,
sijawahi kuulizwa rangi ya kitu cha mtu mwingine.
Hata paa langu mwenyewe, Urho ndiye aliyechagua.

Akavipanga mezani, kati ya kikombe na dawa zangu:
vigae vya lami, vizito, changarawe yake inakwaruza kidole.
Kila kimoja kina jina mgongoni, kama farasi wa mashindano.
Mkaa wa Jioni. Kijani cha Mwindaji. Ukungu wa Bandari.
Mbao Iliyochakaa (hapo nilidhani ananitania).
Cha tano kahawia tu, kama ganda la mkate ulioungua kidogo,
na jina lake limebanduka.
Dhamana, miaka thelathini.
Nikamwambia, mwanangu, mimi mwenyewe sina dhamana hiyo.
Hakujua kama acheke.

Mvua ya mawe ya Juni ndiyo iliyoleta yote haya.
Wiki ijayo watakuja vijana wa Lindqvist na makoleo,
waipae nyumba ile kama samaki,
magamba yake yaanguke kwenye maua.

Nikaviweka dirishani siku mbili.
Asubuhi kijani kikajifanya cheusi.
Mvua iliponyesha, Ukungu wa Bandari ukaungana na ziwa
hata nisijue kigae kinaishia wapi, maji yanaanzia wapi.
Mzuri, nisiseme uongo. Mzuri mno.
Kuna watu wangeulipia wautundike ukutani.

Lakini lile lilikuwa paa la Ines.
Ines Halvorsen, jirani miaka arobaini na mitatu,
aliyeazima sufuria akarudisha kifuniko.
Paa lake lilikuwa jekundu, jekundu la kutia aibu,
mtaa mzima ukateta, naye akasema
wanaoteta hawakutoa hata senti.

Hapa kwetu miezi mitano theluji hupaka rangi yake
bila kumuuliza mtu. Nyumba zote huvaa sare.
Ila kando ya dohani, palipo na joto,
huyeyuka kiduara, upana wa sinia,
na kila asubuhi, kabla ya kahawa, nilitazama:
sinia jekundu.
Ines kaamka. Basi nami nimeamka.

Februari ile sinia halikuwapo.
Nikangoja. Kahawa ikapoa, nikaimwaga.
Nikavaa viatu vya Urho, maana ndivyo vilivyokuwa karibu.

Hayo sikumwambia Kou.
Ana mtoto wa miezi mitatu na mkopo wa benki,
ya nini kumtwika.
Nilimrudishia vinne, cha tano nikakishika.
"Hiki. Cha mkate."
"Hiki hakina jina, Bi Aune."
"Kitapata," nikasema.
Huko chini Pahoua alikuwa uani na mtoto mgongoni,
akanipungia mkono kana kwamba ameshasikia.

Leo tarehe tisa Novemba.
Theluji imeshuka usiku, imefuta kila kitu,
pesa zote zile, nyundo za siku nne,
na mabishano yao ya jikoni niliyoyasikia hadi huku.
Nafuta kioo kwa mkono wa sweta.
Nyeupe. Nyeupe. Dohani.
Na kando yake, kadogo bado, kama kisahani cha kikombe,
kahawia.

Birika langu linaanza kulia.