Namba Tisa

Ndiwa amenitumia tena nzi kumi na mmoja.
Wanne ni ukungu mtupu,
wawili ni kidole gumba chake, kimepasuka kwa baridi,
mmoja aliruka kabla hajabonyeza,
nikaachiwa jani la lobelia na kivuli.
Waliobaki ndio kazi ya usiku huu.

Hapa Kitale, nyuma ya kinu cha mahindi,
umeme unakonyeza. Namwona kule Chepkitale,
kifudifudi kwenye nyasi zenye sakitu,
lenzi ya miwani ya marehemu babake
ameifunga kwa raba kwenye simu,
kondoo wakimshangaa.
Analenga kitu kidogo kuliko punje ya wimbi.

Naanza na macho. Yakigusana utosini, dume;
yakiachana, jike,
au dume wa ukoo mwingine, maana nzi nao ni wabishi.
Kisha mishipa ya bawa: huu wa nne umepinda
kama barabara ya Kapsokwony ikikwepa mwamba,
au umenyooka? Kuza. Kuza tena.
Picha ikikuzwa mno huwa vigae,
mlima mzima miraba ya kijivu.

Nywele za mgongo nimezihesabu mara tatu:
sita, saba, sita.
Nyuma ya mbawa pana virungu viwili vya kumpa mizani.
Kiswahili hakijavipa jina nilijualo;
leo naviita vijiko.

Mama huuliza, nzi si nzi tu?
Yeye anamjua wa chooni, wa maziwa, na wa kidonda.
Hawa hawana kidonda cha kufia.
Hulala ndani ya lobelia majani yakifumba,
asubuhi hutoka kwa miguu,
upepo umewakataza kuruka.

Mwezi wa tatu afisa wa vitambulisho alimrudisha Ndiwa:
"Picha hii si wewe. Masikio hayaonekani."
Akapigwa nyingine, masikio yote mawili,
akaulizwa babu yake amezikwa upande gani wa mlima.
Mpaka leo anangoja.

Namba tisa: mguu wa nyuma umezibwa na jani.
Ningekuwa naye ningemgeuza kwa unyasi.
Jina lake liko pale, chini ya goti,
upande ambao picha haina.
Naandika ukoo. Naacha nafasi. Naweka tarehe,
na mpiga picha: Ndiwa Naibei.

Namwandikia: huyu wa tisa mpige tena,
kwa ubavu, akikubali.

Saa saba simu inatetemeka juu ya meza:
"Huku mvua ya mawe. Kesho jua likitoka.
Yeye, au nduguye."