Sifuri

Walikifunga Iyunga, gereji ya nyuma ya reli,
kisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche.
Fundi Ahobokile akafuta mikono, akasema,
"Usikiguse. Kinaongea na huko juu."
Nikachungulia huko juu.
Loleza ulikuwa umevaa wingu lake la kila asubuhi.
Sikuona mtu.

Tangu siku hiyo nalipa kwa kilomita.
Jioni simu inatetemeka mfukoni:
Uyole hadi Igawa, kiasi fulani. Igawa hadi Makambako, kiasi fulani.
Kitonga niliupanda kwa gia ya kwanza, viazi tani kumi mgongoni,
injini ikilia kama ndama aliyeachishwa ziwa,
nikaandikiwa kilomita zilezile
za anayeteleza tambarare ya Chimala, dirisha wazi.
Mpando na mteremko, kule angani, ni mstari mmoja.

Sisemi ni kibaya.
Yule wa zamani, wa kizuizini, alikuwa na tumbo,
alikuwa na ada ya mtoto, na msiba kila mwezi;
hiki hakina shemeji.
Lakini yule niliweza kumpa shikamoo,
nikamwonyesha tairi lililopasuka,
akanionea huruma au asinionee.
Hiki unakisalimuje?

Sasa ngoja nikwambie ya Umalila.

Ukiacha lami pale Mbalizi ukapanda,
baridi inakupokea kabla ya watu.
Mvua ya Machi ilikuwa imeugeuza udongo uji wa ulezi.
Tulizo, utingo wangu, alitangulia na fimbo,
akipima kina cha madimbwi kama daktari.
Saa nne nzima. Minyororo kwenye magurudumu.
Mara mbili tulisukumwa na watu waliotoka kwenye pareto,
wala hawakuuliza sisi ni nani.
Tukafika kitongoji cha Mwela, magunia yanasubiri chini ya turubai,
na simu ikatetemeka:
Umbali: sifuri. Tozo: sifuri.

Tulizo akacheka hadi akakaa kwenye gunia.
"Bosi, leo tumesafiri bure!"
"Kuna nini?" akauliza Sikujua Nzowa,
mwenye viazi, mwenye mdomo, jembe begani.
Nikamsomea.
Nikamweleza: setilaiti haikuona barabara.
Kwenye ramani yao hapa ni majani tu, na ukungu.

Hakucheka.
"Haikuona," alisema.
"Ile kona ya mianzi tuliichimba Jumatano saba.
Magogo ya darajani ni ya marehemu mume wangu,
alikuwa ameyatunza yawe nyumba.
Mkwe wangu alishushwa kwa machela njia hiyohiyo,
akajifungulia kwenye kona.
Mtoto yupo. Ana jina. Haikuona?"

Nikasema, mama, si ni nafuu, hakuna kulipa.
Akanitazama
kama anavyotazamwa mnunuzi anayeshindilia lumbesa.
Akafungua fundo la kanga, akatoa elfu mbili iliyolainika,
akapanda kwenye usukani, akaibana juu ya kile kisanduku.
"Nitoze. Asiyedaiwa hamo daftarini."

Tukapakia kimyakimya. Hata Tulizo.
Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda,
usiku ukatukuta darajani,
nikapita juu ya magogo ya marehemu taratibu,
kwa mara ya kwanza nikiyasikia yakihesabu:
moja, mbili, tatu, hadi kumi na moja.

Mbalizi, gurudumu la mbele lilipogusa lami,
kisanduku kikalia, ti,
kikawaka kijani, kikaanza kunihesabu kuanzia hapo,
kana kwamba nimezaliwa sheli,
mimi na viazi vyangu.

Noti ingali pale.
Sijui nimpelekee nani.